Mwaka Serikali Ilipotuletea Baridi

Nchi yenyewe siitaji. Anayeijua anaijua, na asiyeijua amshukuru Mungu wake, aendelee na shughuli zake. Itoshe kusema ni nchi ya jua, yenye majira mawili tu tangu kuumbwa: mvua, na kungojea mvua. Hayo yalimtosha babu yangu, yakamtosha baba, nami nilidhani yananitosha. Sikujua kwamba tumepunjwa miaka yote hiyo, mpaka Mheshimiwa Tindwa, Waziri wa Udongo na Utulivu, alipokwenda ng'ambo kutembea.

Huko alionyeshwa shamba. Mkulima wa kule, mtu mwenye mashavu mekundu na buti hadi magotini, alimweleza kwa upole kwamba wao wakishavuna ngano hawaachi udongo mtupu. Hupanda oti, nafaka ileile ya uji wa hotelini, si kwa kula bali kwa kufunika ardhi. Oti huota upesi, mizizi yake huushika udongo usichukuliwe na maji, na magugu hukosa pa kukaa. Kisha baridi inaingia, barafu inaiua oti yote, oti hiyo inalala chini kama blanketi, na msimu ukifika wanapanda juu yake.

"Inakufa yenyewe?" Mheshimiwa aliuliza.

"Yenyewe."

"Wakati uliopangwa? Bila kusukumwa? Bila kuuliza kwa nini?"

Mkulima akasema ndiyo, na Mheshimiwa Tindwa akatoa leso akafuta machozi. Wasaidizi wake walidhani ni upepo. Aliporudi nyumbani aliteremka kwenye ndege akiwa amekumbatia kijitabu cha kurasa kumi na mbili, na nyuma yake magunia ya mbegu yakapakuliwa kuanzia asubuhi hadi alasiri.

Mimi ni Karani wa Majira, Wilaya ya Kilolela. Zamani niliitwa Karani wa Mvua, na kazi yangu ilikuwa kutazama maji yaliyoingia kwenye kopo na kuyaandika. Sina elimu ya kutisha, ila nina mwandiko mzuri, na katika nchi yetu mwandiko mzuri umewafikisha watu mbali kuliko akili. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba kila ninalolisimulia nililiandika kwa mkono wangu kabla sijalielewa.

*

Kijitabu kilisema oti ipandwe kabla ya baridi, na baridi ianze Novemba. Tulikuwa na oti. Baridi ndiyo hatukuwa nayo. Baraza la Mawaziri lilikaa siku mbili juu ya pengo hilo, na siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, likapitisha Waraka wa Majira ya Baridi, kwamba nchi itakuwa na baridi kuanzia tarehe mosi Novemba hadi mwisho wa Februari. Kwa bahati nzuri hiyo ndiyo miezi yetu ya mvua na ya kupanda mahindi. Nasema bahati nzuri kwa sababu mashamba yote yalikuwa yamekwisha kulimwa.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa alisema redioni, "kwa miaka mingi udongo wetu umetembea uchi. Watoto wameuona. Wageni wameuona. Kuanzia leo udongo wa nchi hii utavaa."

Waraka ulibandikwa kwenye kila mlango, na ulikuwa mfupi kwa kadiri yake. Kifungu cha kwanza kilipiga marufuku udongo mtupu. Cha nne kilisema: oti haitaliwa, haitakatwa, haitachomwa, wala haitalishwa mnyama, oti itakufa kwa baridi tu. Cha tisa ni changu. Wizara iliomba kila wilaya ipendekeze kifungu kimoja kutokana na uzoefu wake, na changu kikapita nchi nzima bila kubadilishwa hata nukta. Nilikulia kwenye shamba lenye ndago, gugu lile ambalo ukilikata juu umejidanganya, kwa maana kiazi chake kiko chini kinakucheka. Basi niliandika hivi: mmea wowote usio oti utakaoonekana ndani ya oti ung'olewe siku hiyohiyo mbele ya karani na mashahidi wawili, na mizizi yake ifuatwe mpaka mwisho, atakayezuia ni adui wa udongo. Nilipokea barua ya pongezi. Niliiwekea fremu.

Polisi walianza kazi mara moja. Kwetu mwanamke asiyefagia uwanja wake hadi udongo ung'ae huitwa mvivu na mawifi zake, kwa hiyo ndani ya juma la kwanza walikamatwa wanawake themanini, kila mmoja na ufagio wake kama kielelezo. Makaburini napo palipigwa marufuku kupaliliwa. Watu walilalamika kidogo, kwa sauti ya chini, jinsi watu wenye adabu wanavyolalamika.

*

Kabla ya kupanda, Mheshimiwa alikuja Kilolela mwenyewe kutuelimisha. Alikuja na koti la manyoya. Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa chama cha wakulima, saa sita mchana, nami nilikaa mezani kwa ajili ya kumbukumbu.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Ngailo. Nimweleze vizuri, maana hadithi hii ni yake ingawa hayupo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kicheko cha kuamsha kuku, na tulisoma naye darasa moja tangu la kwanza hadi la saba. Siku za mikutano alivaa shati moja la bluu la mirabaraba, lenye mfuko kifuani. Mkewe Sekela aliniita shemeji, na kwao nilikula chakula mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Ngailo alisimama, akaamkia, akaitikiwa. "Mheshimiwa," alisema, "kuufunika udongo ni jambo jema, tena tunashukuru. Udongo wetu unakwenda mtoni kila mwaka. Mto ukijaa unakuwa mwekundu, nasi tunasimama tunalitazama shamba likipita. Lakini..."

Kwenye lakini uwanja wote ulinyamaza. Hata aliyekuwa akikohoa aliahirisha.

"Lakini hii oti inauawa na barafu. Hapa barafu tunaiona kwenye ndoo ya muuza samaki. Haitakufa. Na mvua hii ndiyo ya mahindi. Tukipanda oti sasa, tusiile, tusiikate, tukaingoja ife, Machi mvua imekwisha na mahindi hatuna. Watoto watakula nini, Mheshimiwa?"

Akatia vidole mfukoni mwa shati, akatoa mbegu kiasi cha kiganja, nyeusi, kila moja na mstari mweupe ubavuni. "Tunayo fiwi, ndugu ya kunde. Wazee wetu waliipanda katikati ya mahindi. Mahindi yakivunwa, fiwi inabaki, inatambaa, inafunika shamba zima kiangazi chote. Na inaliwa. Tuachie fiwi, Mheshimiwa, na udongo hautatoka."

Mheshimiwa alitabasamu. Nimewaona watu wengi wakitabasamu, ila tabasamu lile lilinifanya nitazame kalamu yangu.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "zao linaloliwa litafunikaje? Ukilila umelifunua. Tena unasema oti haitakufa. Nani amekupa habari za vifo? Weka hizo mfukoni."

Ngailo akazirudisha, akafunga kishikizo cha mfuko. Niliandika: Mwenyekiti alirudisha mbegu mfukoni. Kisha nikaandika: Mwenyekiti alielewa. Hakuwa amesema ameelewa, ila kila kumbukumbu ya mkutano katika nchi yetu huishia hivyo, na sikuona sababu ya kuharibu desturi.

Siku ya tatu niliagizwa kuandika barua ya kumwalika kwenye Kituo cha Ufafanuzi, kwa muda usiozidi unaohitajika. Kituo hicho ni lile lililokuwa ghala la pamba, nje kidogo ya mji, na mkuu wake ni Kamishna Sendoro, mtu wa maneno machache na viatu safi. Ngailo alipita ofisini kwangu akielekea huko, amevaa shati lake la mkutano. Aliishika barua akaitazama mwangani.

"Karani," alisema akicheka, "umeandika vizuri utadhani unaniita harusini."

Nami nilicheka. Hilo nalisema wazi, kwamba nilicheka.

*

Baridi ikaanza, kwa saa iliyopangwa.

Vipimajoto vyote vilikusanywa kwa kosa la kupotosha umma. Redio ilitangaza kila asubuhi nyuzi thelathini na nne za baridi, na upepo mkali kwa wanaopinga. Sweta zilikuwa lazima maofisini, shuleni na sokoni. Jasho lilipewa jina jipya, likaitwa umande, na mwalimu mmoja aliyesema darasani kwamba ana joto alipelekwa kufafanuliwa. Wagonjwa walioanguka barabarani kwa jua waliandikiwa hospitalini kuwa wameganda.

Oti nayo ikaota. Iliota vizuri kupita kiasi. Mvua ilikuja na jua lilikuja, na oti ikasimama kila mahali, kijani, hadi kwenye viwanja vya kanisa na msikiti. Watu waliipitia pembeni wakiwa wamefunga mikanda. Kufikia Januari maghala yalikuwa yakiitika mwangwi, na mwanamke aliyekutwa akipukuchua masuke machanga ya oti ili awapikie wanawe alihukumiwa kwa kula kifuniko cha taifa.

Ikabaki kufa. Tarehe zilipita na oti haikufa. Mheshimiwa alipotangaza kwamba atakuja kuiona ikifa, Mkuu wa Wilaya aliagiza lori la barafu kutoka kwa wauza samaki wa ziwani, vipande vikubwa vyenye magamba ndani yake, vikapangwa shambani asubuhi mbele ya bendi ya polisi. Hadi Mheshimiwa anafika, barafu ilikuwa imeyeyuka na kuinywesha oti, ambayo kwa shukrani ilirefuka kiganja kizima juma hilo. Kila wilaya ikatuma taarifa kwamba oti yake imekufa. Mimi niliandika: imekufa ikiwa imesimama, tena ikiwa kijani. Nilisifiwa kwa uangalifu wa lugha.

Wakati wote huo Sekela alikuja ofisini kila Jumatatu. Alikuja na sweta ya Ngailo, aliyoifuma mwenyewe kwa nyuzi za kijivu, akaiweka juu ya meza yangu.

"Shemeji, hodi. Leo wataipokea?"

"Mwananchi," nilimwambia, kwa kuwa kulikuwa na watu, "mumeo yuko kwenye ufafanuzi. Akishafafanuka atarudi."

"Miezi mitatu, shemeji. Kitu gani hicho kisichofafanuka miezi mitatu? Ngailo anaelewa haraka. Unamjua."

"Taratibu ni taratibu."

"Basi niambie tu kama anakula. Sikuulizi lingine. Anakula?"

Nilimwambia anakula. Sikujua lolote, na nilisema anakula. Alikunja sweta akaenda nayo, Jumatatu iliyofuata akarudi nayo.

*

Nyuma ya Kituo cha Ufafanuzi palikuwa na kipande cha ardhi kiasi cha eka mbili. Mwezi Novemba nilikiona kikiwa kimefukuliwafukuliwa, udongo mtupu wa kutisha, kinyume kabisa cha kifungu cha kwanza. Nilimwandikia Kamishna Sendoro barua ya heshima kumkumbusha. Alinijibu siku hiyohiyo, akaotesha oti yeye mwenyewe, akasimamisha kibao: SHAMBA LA MFANO. UDONGO UMETULIA. Nikapangiwa kulikagua kila Ijumaa.

Mwanzoni lilikuwa shamba kama mashamba mengine. Januari likaanza kubadilika. Oti ilikuwa ya kijani cha kawaida, ila hapa na pale palitokea vipande vya kijani kizito, karibu cheusi, na hapo oti ilizidi nyingine kwa urefu wa mkono. Vipande hivyo vilifanana. Vyote vilikuwa virefu kwa umbo, vyembamba, urefu wa mtu aliyelala na upana wa mtu aliyelala. Nilivihesabu Ijumaa moja nikafika thelathini na moja, kisha nikakumbuka kwamba sikuagizwa kuhesabu.

"Samadi," Kamishna alisema, amesimama nyuma yangu. "Iliangukia kwa mafungu."

"Naona, bwana mkubwa."

"Nipe kibali niikate."

Nikamwonyesha kifungu cha nne. Akaandika kwa Waziri, na jibu likapitia mezani kwangu, kwa hiyo nililiona. Mheshimiwa Tindwa aliandika: Kuikata oti ni kukiri kwamba baridi haipo. Baridi ipo. Itaiua. Kamishna akalisoma mara mbili. Kwa mara ya kwanza niliona kiatu chake kimoja kina vumbi.

Basi oti ile ikasimama, mbele ya barabara kuu, bila mtu yeyote mwenye mamlaka ya kuigusa. Kila aliyepita aliiona. Watu wetu ni wakulima. Wanasoma shamba kabla ya kusoma gazeti. Wakaanza kupita pale polepole. Wengine walisimama, na hakuna kifungu kinachokataza kusimama.

Jumatatu ya pili ya Februari Sekela aliingia ofisini bila sweta. Alifunga mlango. Hakusema hodi.

"Shemeji, unamkumbuka ng'ombe wetu aliyekufa kwa ndigana?"

"Namkumbuka."

"Tulimzika kwenye shamba la chini, wewe na Ngailo ndio mlichimba. Mahindi ya mahali pale yalisimama kijani miaka mitatu. Ukiwa juu ya kilima ungeweza kumwona ng'ombe wetu pale, na miguu yake. Ngailo alikuwa akiwaonyesha watoto."

Niliweka kalamu chini.

"Nimepita Kituoni leo. Kwenye kipande cha tano kutoka barabarani kuna kitu kingine kimeota ndani ya oti. Kimeipanda hadi juu, kimetoa maua." Aliweka kiganja chake juu ya meza, mahali ambapo sweta ilikuwa ikikaa. "Maua ya zambarau, shemeji. Oti ina maua ya zambarau?"

Nilisema haina.

"Wewe ulikuwepo kwenye mkutano. Uliandika. Alizitia wapi zile mbegu?"

Nchi yetu haina baridi, lakini wakati ule nilihisi vidole vyangu vimepoa hadi kwenye kucha. Nilitaka kumwambia mwananchi, nenda nyumbani. Niliogopa, na sioni faida ya kulipamba neno hilo. Nilifungua kabati, nikatoa kumbukumbu za mkutano, nikamsomea mstari wenyewe. Aliusikiliza, akaniomba nimsomee tena, kisha akaelekea mlangoni. Pale palikuwa pamebandikwa Waraka. Aliweka kidole kwenye kifungu cha tisa.

"Hiki," alisema, "watu wanasema ni chako."

*

Ijumaa saa nne asubuhi nilifika kwenye Shamba la Mfano na daftari langu, kama kila Ijumaa. Sekela alikuwa pale na mashahidi wawili: jirani yake Atupele, ambaye mwanawe ndiye yule mwalimu aliyesema ana joto, na mzee Mwandele, baba wa mtu mwingine aliyealikwa kwa mwandiko wangu. Walikuwa na majembe. Kamishna alikuwa ameitwa wizarani kueleza kwa nini oti yake inatazamwa sana. Langoni alibaki askari mmoja, amevaa sweta mbili, umande ukimchuruzika hadi kidevuni.

"Hakuna ruhusa," alisema.

Nilifungua Waraka. Sauti yangu ilitetemeka mwanzoni, kisha ikashika njia, kwa kuwa maneno yalikuwa yangu. Nilisoma hadi mahali paliposema atakayezuia ni adui wa udongo.

Askari alitazama barabarani, akatazama kibao. "Adui wa udongo wanamfanya nini?"

"Anafafanuliwa," nilisema.

Alifungua lango.

Tulipita katikati ya oti, ikitufika kifuani. Kwenye kipande cha tano ilitufika usoni. Fiwi ilikuwa imejizungusha kwenye mabua, majani yake mapana matatu matatu, maua yake yameinama. Sekela hakutumia jembe. Alipiga magoti, akashika shina kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaanza kufuata mzizi kwa vidole, taratibu, jinsi mtu anavyofumua mshono asiotaka kuuchana. Udongo ulikuwa laini. Waliofukia pale walifukia kwa haraka, wala hawakufukia kwa kina, na mkono wake ulipozama hadi kiwiko uligusa kitambaa.

Alikipangusa. Kilikuwa cha bluu, cha mirabaraba. Mizizi ilikuwa imetoboa mfuko ikatoka pande zote, na kishikizo kilikuwa bado kimefungwa.

Hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya ule mfuko, akasema, "Ngailo. Nimekuja." Kisha akainamisha kichwa, na sisi wengine tukatazama pembeni kwa muda.

Wa kwanza kusogea alikuwa Atupele. Alichukua jembe lake akaenda kwenye kipande cha sita.

"Mama, hapo hakuna fiwi!" askari alisema, karibu kwa kuomba.

Atupele aliinama akaparaza mabua. "Kuna ndago," alisema. Na kweli ilikuwepo. Ndago haikosekani popote katika nchi yetu. Mzee Mwandele akaipata ya kwake kwenye kipande cha saba. Watu waliokuwa wamesimama barabarani wakaanza kuingia langoni mmoja mmoja, wawili wawili, kila mtu akitafuta gugu lake, na wote wakiniita, Bwana Karani, njoo uone, Bwana Karani, huku pia.

Redio ya askari ilikuwa ikilia kibandani. Muziki ulikatwa. Sauti ikatangaza kwamba baridi kali isiyo ya kawaida itaingia Wilaya ya Kilolela mchana huu. Wananchi wote wajifungie majumbani, wasichungulie dirishani, na malori ya serikali yako njiani kuja kuisaidia oti kufa. Baada ya hapo muziki ukarudi pale ulipokuwa umekatwa. Upande wa mjini, juu ya barabara, vumbi lilikuwa limekwisha kuinuka.

Askari alivua kofia akaishika mikononi. Hakuna aliyekimbia. Sekela aliniangalia kutoka chini, mkono wake bado ukiwa udongoni.

"Shemeji, kifungu kinasema mizizi ifuatwe mpaka mwisho?"

"Ndiyo, shemeji," nilimwambia, mbele ya watu wote.

"Basi andika imeishia wapi."

Nilifungua daftari. Niliandika tarehe, na jina la shamba, na namba ya kipande. Kisha nikaandika: Fiwi, shina moja. Mizizi imefuatwa mbele ya mashahidi. Imeishia kifuani kwa Ngailo, mwenyekiti wa chama cha wakulima, aliyeitwa hapa kwa barua niliyoiandika mimi, na ambaye hakuelewa, wala hakusema ameelewa.

Nilichana ukurasa nikampa Sekela. Aliukunja, akautia ndani ya kilemba chake. Malori yalikuwa yamefika kwenye kona ya barabara, nikaweza kuyasikia. Jua lilikuwa utosini na mkono wa sweta ulikuwa ukiloa na kuchafua karatasi, hivyo nilivua sweta, nikaiweka juu ya oti, nikaenda kwenye kipande cha sita nikaanza kuandika tena.